Pesa Isiyofika Shuleni Hailiwi

Kila muhula unapofunguliwa nchini Kenya, habari ni zilezile. Shule ya kutwa imewarudisha wanafunzi nyumbani, mwuza mahindi amekwenda mahakamani kudai chake, basi la shule limepigwa mnada, walimu walioajiriwa na bodi wameacha kazi kwa kukosa mshahara. Maelezo nayo huwa tayari kabla ya hesabu kuangaliwa: mwalimu mkuu na bodi yake wamekula pesa. Wabunge husema hivyo mazishini, wazazi husema hivyo kwenye matatu, watangazaji husema hivyo redioni asubuhi, na wakubwa wa Wizara ya Elimu huyaacha maneno hayo yaenee kwa sababu yanawafaa. Dawa inayotajwa haibadiliki: ukaguzi zaidi, uhamisho wa walimu wakuu, semina za uhasibu kwa wanabodi, na wachache wafikishwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ili wengine waogope.

Maoni haya yameota mizizi hivi kwamba anayeyapinga huonekana mtetezi wa wezi. Nayapinga hata hivyo, tena kwa hesabu wala si kwa huruma. Upungufu wa fedha katika shule zetu za umma, kwa sehemu yake kubwa, hautokei katika ofisi ya mwalimu mkuu. Unatengenezwa Nairobi, kwenye vitabu vya bajeti, miezi kadhaa kabla ya kengele ya kwanza ya muhula kulia. Bodi za shule hukabidhiwa upungufu huo ukiwa umekwisha kukamilika, huambiwa ziusimamie, kisha hulaumiwa kwa kuwa nao. Baya zaidi ni kwamba sehemu ya ubadhirifu tunaouona shuleni, nao upo kweli, imezaliwa na upungufu huohuo. Tumeyafanya matokeo kuwa chanzo, na chanzo chenyewe hatukigusi.

Tuanze na tarakimu, maana ndizo zisizotajwa mazishini. Tangu mwaka wa 2018 sera ya serikali ni kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya umma anastahili mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka. Katika bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26, sekta nzima ya elimu ilitengewa takriban shilingi bilioni 702.7, na ndani yake elimu ya sekondari ya kutwa bila malipo ikapata bilioni 51.9. Gawanya bilioni hizo 51.9 kwa 22,244, utapata wanafunzi milioni 2.3 hivi. Wanafunzi wa sekondari nchini ni zaidi ya milioni 3. Maana yake ni kwamba siku Waziri wa Fedha aliposoma bajeti Bungeni, mamia ya maelfu ya wanafunzi walikuwa tayari hawana pesa, wala hakuna mwalimu mkuu hata mmoja aliyekuwa ametia sahihi hundi yoyote ya mwaka huo. Julai 2025 Waziri huyo, John Mbadi, aliwaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haina uwezo wa kutoa 22,244, na kwamba kinachopatikana ni karibu 16,900 kwa kila mwanafunzi. Kauli hiyo ilizua kelele kwa siku chache, viongozi wakakimbilia kuwahakikishia wananchi kwamba elimu bado ni ya bure, kisha mjadala ukapoa. Tarakimu yenyewe ilibaki palepale.

Wala si jambo la mwaka mmoja. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alifanya ukaguzi maalumu wa miaka minne ya fedha, kuanzia 2020/21 hadi 2023/24, akakuta kwamba shule za umma zilipewa pungufu ya stahili yake kwa takriban shilingi bilioni 117. Zaidi ya bilioni 70 kati ya hizo zilikosekana katika sekondari, bilioni 30 na ushei katika sekondari msingi, na bilioni 14 hivi katika shule za msingi. Watu waliposikia kwamba mkaguzi amegundua mabilioni yamekosekana, wengi walidhani ni mabilioni yaliyoibwa shuleni. Sivyo. Hizi ni pesa ambazo shule zilipaswa kupewa na hazikupewa. Mwalimu mkuu hawezi kula kisichowahi kuingia katika akaunti yake, na bodi haiwezi kufuja bilioni ambazo haikuziona.

Tuishushe hesabu hiyo hadi kwenye shule moja, kwa sababu bilioni hazina sura. Chukua sekondari ya kutwa yenye wanafunzi 400. Kwa kiwango cha sera, stahili yake kwa mwaka ni shilingi 8,897,600. Kwa kiwango alichotaja Waziri, ni 6,760,000. Pengo ni shilingi 2,137,600. Kama bodi inamlipa mwalimu wake wa kuajiri shilingi 15,000 kwa mwezi, pengo hilo linakaribia mishahara ya walimu kumi na wawili kwa mwaka mzima. Na walimu hao hawaajiriwi kwa anasa. Wanaajiriwa kwa sababu Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, haijapeleka mwalimu wa Fizikia wala wa Hisabati, na mtihani wa kitaifa haungoji. Isitoshe, hata ule mgao kamili haujawahi kutua wote shuleni, kwani wizara huzuia sehemu yake kununua vitabu na huduma nyingine kwa niaba ya shule zote. Tena ni kiwango kilichowekwa kwa bei za 2018, na kwa vipimo vya Shirika la Taifa la Takwimu bei za bidhaa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 40 tangu mwanzoni mwa 2019. Kwa hiyo hata kama Hazina Kuu ingelipa kila senti ya 22,244 kesho asubuhi, shule ingekuwa imepunguziwa bajeti bila mtu kutangaza.

Katika shule za msingi hali ni ya kutia uchungu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Leo ni 1,420. Kwa siku takriban 180 za masomo, hiyo ni chini ya shilingi 8 kwa siku, pesa isiyotosha hata andazi moja pale nje ya lango. Kutokana na shilingi hizo 8 bodi inatakiwa itoe chaki, karatasi za mitihani, bili ya umeme na maji, mshahara wa mlinzi, fundi wa kuziba bati linalovuja na dawa ya kusafishia vyoo. Nchi ikisema kwamba shida ya shule hii ni usimamizi mbaya, haijaangalia kinachosimamiwa.

Tutazame sasa namna pesa zenyewe zinavyofika, kwa maana hapa ndipo wengi wanaolaumu hawajawahi kufika. Mpango rasmi ni kwamba nusu ya mgao wa mwaka itumwe muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu. Mpango huo una busara, kwa sababu Januari ndipo shule hununua kwa wingi. Lakini Januari hufika pesa hazijafika. Hutumwa nusu ya ile nusu, kisha wiki kadhaa baadaye kipande kingine, na kipande cha mwisho huenda kikavuka muhula au kisije kabisa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai na mwaka wa shule huanza Januari, hivyo upungufu wa bajeti moja humwagikia miaka miwili ya masomo. Pesa zenyewe hutolewa kwa idadi ya wanafunzi walioingizwa katika mfumo wa wizara wa taarifa za elimu, na kwa miaka mingi mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa amekuwa haingii humo. Shule humfundisha, humpa dawati, humsahihishia madaftari, lakini mbele ya Hazina Kuu mtoto huyo hayupo. Katika kaunti kame za kaskazini na mitaa ya mabanda ya mijini, watoto wa namna hiyo si wachache.

Mwanabodi anayeketi kikaoni wiki ya kwanza ya Januari ana nini mezani, basi? Ana orodha ya madeni ya mwaka uliopita: mahindi na maharagwe, kuni, umeme, karatasi, mishahara ya miezi miwili au mitatu ya mpishi na mlinzi. Ana barua ya wizara inayomkataza kutoza chochote kisichoidhinishwa. Ana makadirio ya bajeti aliyoyaandaa kwa kiwango cha 22,244, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha sera na hana ruhusa ya kubuni kingine. Na ana vifungu vya matumizi vinavyomzuia kuchukua pesa za ukarabati kulipia umeme bila kibali. Hapo huamua kumkopa tena mwuza mahindi. Uamuzi huo ndio utakaoitwa usimamizi mbaya mwezi Septemba, lakini sijasikia mkosoaji akieleza uamuzi mwingine uliokuwapo. Kuifunga shule? Kuwalisha wanafunzi maji? Ni sawa na kumpa mtu nauli ya kufika Voi kisha kumshtaki kwa kutofika Mombasa.

Yafaa pia tujue bodi yenyewe ni nini kisheria, maana jina lake ni kubwa kuliko uwezo wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 iliunda Bodi ya Usimamizi kwa kila shule ya umma. Wamo wawakilishi wa wazazi na jamii, wa mdhamini ambaye mara nyingi ni kanisa, wa walimu, wa watu wenye ulemavu. Mwalimu mkuu ni katibu wao. Sheria inawapa kazi ya kusimamia mali ya shule, kupokea na kutolea hesabu fedha zote, na kuajiri wafanyakazi wasio walimu. Lakini haiwapi chanzo hata kimoja cha mapato ya uhakika. Katika majimbo mengi ya Marekani, bodi ya elimu huchaguliwa kwa kura na hutoza kodi ya majengo na ardhi, na inaweza kukopa kwa hati za dhamana kujenga madarasa. Ikifilisika, mpiga kura ana haki ya kuuliza kwa nini haikutoza au kwa nini ilitumia vibaya, kwa sababu ina mikono yote miwili. Bodi ya Kenya ina mkono mmoja, wa kutumia. Haiwezi kutoza bila idhini ya wizara, haiwezi kupanga karo, haiwezi kuajiri mwalimu kwa pesa za TSC, na hata huyo mwalimu mkuu ambaye ni katibu wake haiwezi kumfuta, maana mwajiri wake ni TSC. Kuipa taasisi wajibu wote wa kutolea hesabu na kuinyima uwezo wote wa kupata ni kuiweka pale ipigwe mawe kwa niaba ya mwingine.

Mtu ataniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wizi upo shuleni. Naam, upo. Kuna walimu wakuu wanaoandikisha wanafunzi hewa ili wavute mgao mkubwa zaidi. Kuna zabuni za sare na za chakula zinazopewa jamaa. Kuna majengo yaliyolipiwa na hayakupanda juu ya msingi. Uhakiki ulioanzishwa na wizara mwaka wa 2025 ulifichua wanafunzi hewa kwa maelfu, na ukaguzi maalumu uleule wa Mkaguzi Mkuu ulikuta pesa zilizotumwa kwa shule zisizokuwepo. Waliohusika washtakiwe na wafungwe, nami sitamwombea hata mmoja msamaha. Lakini tupime ukubwa wa jambo. Tuchukulie, kwa ajili ya hoja tu, kwamba sekondari zetu zina wanafunzi hewa 100,000, na kila mmoja anavuta mgao kamili wa 22,244. Hiyo ni shilingi bilioni 2.2 kwa mwaka. Pengo la sekondari alilolikuta Mkaguzi Mkuu ni wastani wa zaidi ya bilioni 17 kwa mwaka. Ungewafuta hewa wote leo, ukawafunga walimu wakuu wao wote, bado ungebaki na sehemu saba kati ya nane za tatizo. Tena, mgao hutumwa na Nairobi, kwa orodha za Nairobi. Pesa iliyokwenda kwa shule isiyokuwepo haikupitishwa na bodi yoyote, kwa kuwa shule isiyokuwepo haina bodi. Huo wizi una anwani, na anwani yake haiko kijijini.

Halafu tuulize wizi na ubadhirifu wa shuleni hustawi katika hali gani. Shule yenye pesa mkononi Januari inaweza kuita wauzaji watano, ikalinganisha bei, ikanunua magunia ya mahindi wakati wa mavuno yakiwa rahisi, na kumlipa mtu siku anapoyashusha. Hivyo ndivyo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015 inavyodhani shule zinanunua. Shule isiyo na pesa hainunui, inakopa, na anayekopa hachagui. Wauzaji wenye bei nzuri hukimbia, maana hawana mtaji wa kungoja mihula miwili. Anabaki mmoja mwenye uvumilivu, na uvumilivu wake ameutia ndani ya bei. Gunia linauzwa ghali kuliko sokoni, kotesheni tatu zinaandikwa kwa ajili ya faili tu, na mwalimu mkuu anaanza kumwogopa mtu ambaye angepaswa kumwogopa yeye. Mkaguzi akija atakuta bei iliyopanda, mashindano ya uongo na malipo yaliyofanyika baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Ataandika kwamba bodi haikufuata taratibu, naye atakuwa amesema kweli. Lakini hatakuwa ameeleza kwa nini. Hata zile tozo za siri ambazo wazazi wanazilalamikia kwa haki, za masomo ya ziada, za motisha, za ujenzi zisizo na risiti, zimechipuka palepale mgao ulipokauka. Pesa inayokusanywa nje ya utaratibu haina pa kuandikwa, na pesa isiyo na pa kuandikwa ndiyo rahisi kuliwa. Anayetaka kuua rushwa shuleni aanze kwa kulipa anachodaiwa kwa wakati. Ukaguzi wa shule yenye njaa utatoa ripoti nene kila mwaka, na kila mwaka zitafanana.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi mbele ya wazazi: mbona shule fulani zinapewa mgao uleule na bado zinang'aa? Jibu ni kwamba haziishi kwa mgao uleule pekee. Shule ya bweni ya kitaifa hupokea mgao wa serikali na juu yake humtoza mzazi shilingi 53,554 kwa mwaka kwa mujibu wa mwongozo wa wizara, na shule nyingi nyingine za bweni hutoza 40,535. Karo hiyo, ikilipwa mapema, hufanya kazi ya mto wa kuegemea mgao unapochelewa. Nyingine zina mashamba, ng'ombe wa maziwa, wahitimu wakubwa serikalini na makampuni yanayotafuta jina. Sekondari ya kutwa ya Kitui au ya Kwale haina hata kimoja katika hivyo. Mzazi wake haruhusiwi kutozwa karo ya masomo, na sheria inasema hakuna mtoto atakayefukuzwa kwa kukosa kulipa tozo nyingine. Ni sheria njema. Lakini ilitungwa kwa sharti kwamba serikali italipa badala ya mzazi, na serikali ikishavunja sharti, sheria hiyo hubaki imemfunga mwalimu mkuu peke yake. Kwa hiyo, kuilinganisha shule ya bweni na ya kutwa na kutoa hukumu juu ya ubora wa bodi zao ni kupima utajiri wa wazazi na kuuita usimamizi.

Jirani zetu wanatupa ushahidi mwingine. Tanzania ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka wa 2002, ruzuku iliyokusudiwa kwa kila mwanafunzi ilikuwa sawa na dola 10, karibu shilingi 10,000 za Tanzania za wakati ule. Elimu bila malipo ilipotangazwa tena na kuanza Januari 2016, kiwango cha shule za msingi kilikuwa bado shilingi 10,000. Leo pesa hizo ni dola 4 hivi. Kule hakuna bodi kwa mtindo wetu katika shule za msingi, kuna kamati za shule, walimu wakuu wengine, sheria nyingine, wizara nyingine. Na bado malalamiko ya chaki, mlinzi na michango isiyoisha yanafanana na ya kwetu. Kama tabia ya mwalimu mkuu wa Kenya ingekuwa ndiyo chanzo, ugonjwa usingevuka Namanga.

Wapo wasemao, na ni wasemaji waungwana, kwamba yote hayo ni kweli lakini serikali haina pesa. Deni la taifa ni zito, kodi zimefika kikomo, wanafunzi wanaongezeka. Sikatai kwamba mfuko wa taifa umebanwa. Nakataa namna tunavyotumia ukweli huo. Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Serikali ikishindwa kuitimiza, wajibu wake ni kusimama na kusema: tumetoa 16,900, zilizosalia hatuna, na haya ndiyo tutakayoacha kufanya. Badala yake kiwango cha 22,244 huendelea kuandikwa katika waraka kana kwamba kinalipwa, shule huendelea kupimwa kwacho, na mzazi huendelea kuamini kwamba pesa zake zimefika na zimeliwa. Hapo ndipo hadithi ya bodi zinazokula inapofanya kazi yake halisi. Inamlinda mdaiwa kwa kumgombanisha mzazi na mwalimu.

Na si kweli kwamba pesa za elimu hazipo kabisa. Zipo, ila zimepitishwa njia nyingine. Mfuko wa maeneobunge, NG-CDF, hutengewa kwa sheria si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na sehemu yake nono hutoka kama basari. Wawakilishi wa wanawake wana mfuko wao, na magavana wana basari zao. Mbunge hupiga kura Juni kupitisha bajeti isiyotosha mgao, kisha muhula wa kwanza anafika shuleni na hundi ya karatasi kubwa, wanafunzi wamepangwa mistari wakiimba, anapigwa picha akigawa kama zawadi kipande cha ile haki aliyoinyima sahihi yake. Mgao humfikia mtoto kwa kuwa ni mtoto wa Kenya. Basari humfikia kwa kuwa mzazi wake alijaza fomu, akajulikana na kamati, akaonekana. Yatima asiye na wa kumjazia fomu hupata mgao, kama upo, na hukosa basari. Sioni hoja yoyote ya uchumi inayoeleza kwa nini nchi iliyofilisika inaweza kumudu njia ya pili lakini haiwezi kumudu ya kwanza.

Wakati huohuo, gharama ya imani hii potofu inalipwa kila siku. Inalipwa na mwalimu kijana wa bodi, mwenye shahada, anayefundisha vipindi vingi kuliko wenzake wa TSC na kupokea pesa yake ya Machi mwezi Juni. Inalipwa na mwuza mboga wa kijijini aliyeikopesha serikali ya Jamhuri ya Kenya bila kujua kwamba anaikopesha serikali. Inalipwa na wanabodi waadilifu, wastaafu na wakulima wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wanaojiuzulu mmoja mmoja kwa kuchoka kutukanwa, na viti vyao kukaliwa na wale ambao kweli walikuja kula. Inalipwa pia na wazazi ambao, kwa kuamini kwamba kila shilingi huibwa, wanakataa hata mchango halali waliokubaliana mkutanoni.

Ninachotaka kifanyike si kikubwa. Hazina Kuu na wizara zichapishe, kila muhula na kwa kila shule, tarakimu tatu: kiasi ilichostahili, kiasi ilichotumiwa, na tarehe zilipoingia. Tarakimu hizo zibandikwe langoni mwa shule kwa Kiswahili, karibu na hesabu ya matumizi ya bodi, mzazi asome zote mbili kwa pamoja. Kiwango cha mgao kiangaliwe upya kila mwaka kufuatana na bei, kama serikali inavyoangalia upya mambo mengine ya lazima. Ile nusu ya mgao ya muhula wa kwanza iwe katika akaunti kabla ya siku ya kufungua. Pesa za basari zinazotolewa kwa wanafunzi wa shule za kutwa zirudishwe ndani ya mgao hadi mgao utimie. Na ukaguzi uendelee, mkali kuliko sasa, lakini uanzie mlangoni ambako pesa hutoka na kushuka hadi zinakoishia.

Bodi nazo zina la kufanya leo, bila kungoja mtu. Ziache kuuficha upungufu. Kila kikao kiandike katika kumbukumbu zake kiasi kilichotarajiwa, kiasi kilichofika na siku kilipofika, na nakala isomwe mbele ya wazazi wote kwenye mkutano wa mwaka. Mzazi unayesoma haya, nenda kwenye mkutano huo. Muulize mwalimu mkuu pesa zilizofika zilitumikaje, na usimwachie mpaka akuonyeshe risiti. Kisha umuulize mbunge wako, jina lake likitajwa, alipiga kura gani siku mgao wa shule ya mwanao ulipopitishwa ukiwa pungufu.